Mutoto habebwi na mutu mumoja

Maongezi kwa wazazi wa watoto wenye mahitaji ya pekee, komini Annexe, Lubumbashi. Tunayachapa jinsi yalivyosemwa. Tumetoa tu salamu ndefu na maulizo ya mwisho.

Mumeniomba niseme juu ya kulea watoto wenye mahitaji ya pekee. Kazi yangu ni ya tereni. Naingia katika ma parsele ya Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi na Kisanga, na sehemu kubwa ya mambo nitasema leo nimeyajifunza kwenu. Siwezi kuwafundisha kupenda watoto wenu. Mapendo iko. Kinachokosa ni mikono, masaa, na franka ya kila mwezi. Njo hayo nataka tuzungumuze.

Tuangalie siku moja tu. Mbele jua haijatoka, mama anaenda kuchota maji kwenye kisima. Anarudi, anageuza mutoto, anatoa nguo yenye kulowana, anamupangusa. Mutoto ana miaka 8 na bado hawezi kukaa peke yake. Shingo na ulimi havimutii. Kumulisha uji inaweza kumaliza saa muzima. Kisha kufua. Kisha mama lazima aende kuuzisha makala ao mboga, juu bila hiyo hakuna bukari ya mangaribi. Nani atabaki na mutoto? Mara nyingi ni dada yake wa miaka 12. Leo hakwenda masomo. Juzi pia hakwenda.

Hakuna hata kazi moja hapo yenye mama mwingine hajafanya. Kila mama amelisha, amefua, amebeba mutoto mugongoni. Tofauti ni kwamba kwa wengine ile kazi inaisha mutoto akianza kutembea. Kwenu haiishi. Mutoto anaongeza kilo, na mugongo wa mama unazeeka. Mama mumoja aliniambia: «Mutoto hanichokeshe. Kinanichokesha ni kujua kama kesho itakuwa paka vile.» Wafadhili, muandike hilo neno. Ukitaka kusaidia jamaa hii, usiulize tu mutoto ana ugonjwa gani. Uliza pia: ni nani anamubeba, na huyo mutu atapumuzika lini?

Mambo tuliacha njiani

Chama hiki ni cha watu waliorudi, basi tuseme ukweli wa kurudi. Wengi wenu mumepita Zambia. Kuna wenye walikaa Mwange na Kala, wakarudi na misafara ya 2007 mpaka 2010. Kuna wenye batoto babo balizaliwa Meheba. Kuna wenye walikimbia upande wa Pweto, wakapokelewa Mantapala, kambi iliyofunguliwa 2018 kule Nchelenge, na wakaanza kurudishwa Pweto tangu desemba 2021. Kisha, juu ya kazi ao juu ya lopitali, wamoja wakaendelea na barabara mpaka hapa Lubumbashi.

Maisha ya kambi ilikuwa nguvu, sitaki mutu aisifu. Lakini mama mwenye mutoto mulemavu alikuwa na vitu vitatu karibu. Nyumba zilikaribiana: akitoka, jirani anasikia mutoto akilia. Kliniki alienda kwa miguu. Na kulikuwa mutu mwenye daftari, mwenye alijua jina la mutoto na dawa yake. Kufika hapa, vyote vitatu vikakatika. Kila mutu yuko nyuma ya ukuta wa parsele yake. Kutoka mwisho wa Annexe mpaka lopitali Sendwe ni safari ya bisi ao ya moto, na mutoto mwenye mwili mugumu hakai vizuri nyuma ya manseba. Na lile daftari lilibaki ng'ambo.

Hapo kunatokea jambo lenye naona mara nyingi, na ningependa kila muzazi alisikie. Mutoto wa kifafa alikuwa anakunywa kinini kila siku, kuanguka kukapunguka. Katika safari kinini kinaisha. Wanafika, wanatafuta nyumba, wiki zinapita. Mutoto anaanza kuanguka tena, nguvu kuliko mbele. Jamaa inasema: «Munaona? Tumerudi katika inchi, balozi bamemupokea.» Hapana. Ukikata dawa ya kifafa ghafula, kifafa kinarudi, na kinaweza kurudi na hasira. Ingetokea hata kama mungehamia Ulaya. Kwa hiyo mwenye kusafiri na mutoto wa kifafa anabeba dawa mbele ya sufuria.

Jambo la pili ni luga. Mutoto alianza masomo kwa Kibemba na Kiingereza. Hapa anawekwa katika darasa la Kifaransa. Hajibu. Mwalimu anasema: «Huyu hana akili.» Kuna watoto wenye kweli wanajifunza polepole, lakini kuna wengine wenye hawajaelewa tu luga. Mbele ya kukubali hilo neno, muulize mutoto mambo madogo kwa luga alikomalia: lete vikombe viwili, nionyeshe kikubwa, nani alikuja jana? Akijibu vizuri, shida si akili. Na hata kama anajifunza polepole, atajifunza zaidi kwa luga yenye anasikia.

Nani alimuroga?

Swali hili linaulizwa katika karibu kila nyumba. Tulijibu bila kuchekana.

Kuna watoto waliochelewa kutoka tumboni: uchungu ulikuwa murefu, mutoto alizaliwa bila kulia, ubongo ukakosa hewa. Kuna waliogeuka manjano sana siku za kwanza na hawakutunzwa. Kuna malaria yenye kupanda ku ubongo, na kuna meninjite: mutoto alikuwa anatembea, akapata homa na kutetemeka, akaamuka mwingine. Kuna wenye kuzaliwa na trisomia 21. Hiyo inaanza mutoto akifanyika tumboni, na hakuna kitu mama alikula ao alifanya kilichoileta. Kuna pia wengi wenye monganga mwenyewe hapati sababu.

Na hapa Lubumbashi kuna jambo lingine. Mwaka 2020, watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kazi yenye walifanya katika ma materinite ya mji huu. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zenye kuonekana, na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Moja ya mambo waliyoona: kasoro zilikuwa mingi zaidi kwa watoto wenye baba zao walifanya kazi ya madini. Baba, sisemi kila mutoto mulemavu ametoka ku mine, na sisemi kila mwenye kuchimba atazaa vile. Utafiti mumoja haumalizi neno. Lakini tunajua mara ngapi baba amesema «kwetu hakuna vitu kama hivi, ni kwenu», akabeba mufuko wake, akaenda. Hiyo kazi inatuonyesha kwamba kutupia mama peke yake haina musingi. Na mwenye kufanya ku mine aache nguo ya kazi inje, aoge, kisha njo abebe mutoto.

Kuhusu uchawi, nitaongeza mambo mawili. La kwanza ni sheria. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 januari 2009 juu ya kulinda mutoto, kifungu cha 160, inasema mwenye kushitaki mutoto kuwa muchawi anapata kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. La pili ni maombi. Mimi pia naomba. Muombe, lakini musikatishe dawa, na musifungishe chakula mutoto mwenye tayari hana nguvu. Muchungaji akiwaambia mutupe kinini ili imani ionekane, mumujibu kwa heshima: «Muchungaji, tuombe, na mutoto akunywe dawa yake.» Maombi na kinini havigombane.

Mambo ya nyumba

Sasa tushuke ku kazi yenyewe.

Kulisha. Musimulishe mutoto akilala mugongo, hata kama ni haraka. Chakula kinapita njia ya hewa, kinaenda ku mapafu. Kikohozi kile chenye hakiishi kinaweza kutoka hapo. Mukalishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo. Kijiko kitoke mbele, chini, hapana juu. Kidogo kidogo, ungoje ameze mbele ya kuongeza. Uji uwe muzito kidogo, juu maji matupu yanapita mbio sana. Kisha kula, akae wima karibu nusu saa. Kama hana kiti, fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti cha kona chenye kushika mugongo na mabega pande mbili, na mukaba wa kitambaa. Hakihitaji vifaa vya kutoka ng'ambo.

Kulala. Mwenye hawezi kujigeuza ageuzwe, mchana na usiku, ili vidonda visifanyike ku matako na ku visigino. Muangalie ngozi kila mukimuogesha. Mukiona fasi nyekundu yenye haiondoki, musimulazie tena pale.

Mbabula. Naisema kwa nguvu. Mutoto wa kifafa hapaswi kuachwa karibu na mbabula, karibu na kisima, ao juu ya ngazi. Mbabula iwekwe nyuma ya ukuta mufupi wa matofali, ao mutu mukubwa abaki pale mpaka moto uzimike. Watoto wa kifafa wanaungua si juu ya kifafa peke yake, ila juu ya fasi walikuwa wameketi wakati kifafa kinakuja.

Akianguka. Muangalie saa. Mutoe vitu vyenye kuumiza karibu yake. Muweke nguo laini chini ya kichwa. Musimushike kwa nguvu. Musimutie kijiko, kidole ao maji katika kinywa. Kutetemeka kukiisha, mumugeuze ku upande, mukae naye mpaka aamuke vizuri. Kama inapita dakika 5, ao inaanza tena mbele hajaamuka, ao ni mara ya kwanza, ao amejiumiza, ao ana homa: ni lopitali, bila kungojea asubuhi. Na mate yake hayaambukizi. Mutu akimugusa hapati kifafa. Muliambie hilo mbele ya majirani, kwa sauti, juu uoga huo njo unafanya mutoto anaanguka na watu wanasimama mbali.

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema watu karibu 7 katika 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kama wanatunzwa vizuri. Fenobarbital ni kati ya dawa za bei ya chini. Hapa Lubumbashi, Sentre Joseph Guislain ya mabruda wa Charité inatunza watu wa magonjwa ya akili na ya kifafa. Dawa iko na monganga iko. Shida inakuja mwezi wa tatu, mwezi wa sita, wakati kuna minervali ya wengine, kuna deni ya nyumba, na kinini kinangojea.

Neno la mwisho la nyumba ni kufunga mulango. Najua kuna wenye wanafungia mutoto ndani ili waende ku soko. Sikuja kuwahukumu, kama mutu hana wa kumuachia, anafanya nini? Lakini mutoto peke yake nyuma ya kufuli hawezi kukimbia moto, na hawezi kuita mutu mubaya akiingia. Musichana mwenye kusema kwa shida yuko katika hatari kubwa zaidi, juu mwenye kumutendea mabaya anazani hatashitakiwa. Dawa ya kufuli ni jirani, na hapo njo chama kinaingia.

Karatasi na masomo

Hapa nitapita mbio. Musitupe karatasi hata moja ya ng'ambo: kadi ya chanjo, karatasi ya kuzaliwa, karatasi ya kurudi, ordonansi ya zamani. Mutoto anayezaliwa hapa, muende kumuandikisha ku komini mbele siku 90 hazijaisha. Zikiisha, mutapita ku tribinali, na hiyo ni safari nyingine na makuta mengine.

Masomo ya musingi ni bure katika masomo ya serikali. Katiba inasema hivyo katika kifungu cha 43, na ilianza kutumika kweli septemba 2019. Kifungu cha 49 kinalinda watu wenye ulemavu. Na tangu tarehe 3 mei 2022 tuko na sheria nambari 22/003 juu ya haki za mutu mwenye ulemavu, na kusoma imo. Direktere akisema «mutoto wa namna hii hatuna fasi», sheria iko upande wenu. Lakini mwalimu mwenye darasa la kujaa hawezi kugeuzwa na karatasi peke yake. Muende mumuone mbele ya septemba, na mutu wa komite, na mupange mambo madogo: akae mbele, akae karibu na mulango, kaka yake awe naye darasa moja, mwalimu ajue cha kufanya akianguka. Hayo hayaombi bajeti.

Ninachoomba chama

Bamama, batata, mimi nimeona chama hiki kikifanya kazi. Kukiwa kilio, mbele ya siku moja kuisha unga umefika, viti vimefika, bamama wako ku moto. Likelemba inazunguka, hakuna mwenye kukosa zamu yake. Kwa hiyo kujipanga munajua. Lakini kilio kinaisha siku chache, na ulemavu unadumu miaka. Kidole kimoja hakivunje chawa, na leo tunaachia mama kidole kimoja.

Naomba vitu vitatu.

Cha kwanza, kisanduku cha dawa. Sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi iwekwe mbali, isikopeshwe, isiguswe juu ya kilio wala ndoa. Sekretere aandike jina la mutoto, dawa, kipimo, na siku itaisha. Dawa inunuliwe kwa ordonansi tu, na mbele haijaisha. Wakati wa mvua barabara zetu zinakatika, basi kila nyumba iwe na akiba ya kufikia mwezi wenye kufuata.

Cha pili, zamu. Nyumba tatu ao ine za kartiye moja zikamatane. Kila mama apate nusu siku moja kwa wiki bila mutoto: aende ku soko, alale, aende ku kliniki juu yake mwenyewe. Mbele ya kuanza, wenye kusaidia wajifunze kwa mama namna ya kulisha na ya kugeuza. Na kwa usalama, wawe siku zote watu wawili, mulango wazi. Batata muko ndani ya zamu, haiko kazi ya bamama peke yao. Kubeba mutoto wa kilo 25 inaomba mabega, na mabega munayo. Na yule dada wa miaka 12, siku ya zamu anarudi ku masomo. Tupime zamu kwa hilo: tuhesabu siku alisoma mwezi huu, na siku alisoma mwezi uliopita.

Cha tatu, safari ya pamoja. Kama watoto watano wana rande-vu ku lopitali, tupange siku moja, gari moja, na tugawe bei.

Kwa wafadhili, ninasema kwa heshima. Viti vya magurudumu tunashukuru. Lakini muone barabara ya Annexe mwezi wa januari: matope, mashimo, na kiti chenye gurudumu ndogo kinabaki ukutani, kuku analala juu. Mukitaka kutoa kiti, mutoe pia makuta ya fundi wa kukitengeneza, na mupime mutoto kwanza. Na kama munasita kati ya kitu kikubwa cha siku moja na kitu kidogo cha miezi 24, muchague kidogo. Picha ya mutoto akipokea zawadi inapendeza. Daftari lenye kuonyesha mutoto hakukosa dawa miaka miwili halipendezi vile, lakini njo hilo linamuokoa.

UNICEF ilitangaza mwaka 2021 kwamba dunia ina watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, karibu mumoja katika kumi. Siye hatuwezi milioni 240. Tunaweza kuanza na watoto wenye majina yao iko katika daftari la chama, hapa Annexe.

Sekretere ako na karatasi mbili ku meza. Ya kwanza ni ya wazazi: muandike jina la mutoto, dawa yake, na siku gani ya wiki inawalemea zaidi. Ya pili ni ya wenye hawana mutoto mulemavu nyumbani: muandike kartiye na nusu siku yenye mutatoa. Kabla ya kwenda, tuhesabu pamoja majina ya karatasi ya pili.